Wokovu, Wakati na Umilele wa Mungu: Mjadala wa Sasa na Zamani Kutoka Makerere na Maana Yake kwa Sera ya Dini Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano wa wokovu wa Kikristo na wakati kwa kurejelea mjadala ulioanzishwa na John Mbiti alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kati ya 1964 na 1974. Yanadai kwamba umilele wa Mungu ukichukuliwa kuwa kipande cha mbali cha kalenda, wokovu hugeuka kuwa miadi yenye tarehe, na matokeo yake yanaweza kuwa maafa kama yale ya Kanungu (2000) na Shakahola (2023). Makala yanapendekeza kigezo ambacho washauri wa sera wanaweza kukitumia bila serikali kuwa mwamuzi wa imani.

1.0 Utangulizi

Ukristo hufundisha mambo mawili ambayo kwa juujuu hayapatani. La kwanza ni kwamba Mungu ni wa milele: hazeeki, wala hakuna kesho inayomjia kama jambo geni. La pili ni kwamba Mungu huyo humwokoa mwanadamu ndani ya historia, katika siku na mahali panapotajika. Swali linalozaliwa hapo si dogo: ikiwa Mungu hafungwi na wakati, wokovu hutokea lini?

Kampala ina sababu za pekee za kuuliza swali hili. Katika kilima cha Namirembe, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walikutana na kuomba pamoja. Mkutano huo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mianzo ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Nje kidogo ya jiji, Namugongo, maelfu ya mahujaji hukusanyika kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886. Na Makerere ndiko hoja mashuhuri zaidi ya Kiafrika kuhusu wakati na wokovu ilikopata umbo lake.

2.0 Hoja ya Mbiti

Katika African Religions and Philosophy (1969), Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili kueleza fikra za Kiafrika kuhusu wakati. Sasa ni kipindi cha karibu: yanayotendeka, yaliyotendeka juzi, na yatakayotendeka punde. Zamani ni bahari kuu ambamo matukio yote huishia. Kwa maelezo yake, wakati hutembea kuelekea nyuma, kutoka Sasa kuingia Zamani, na mustakabali wa mbali haupo, kwa kuwa matukio yake hayajatokea. Ushahidi wake mkuu ulitokana na njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambazo alisema hazivuki miaka miwili mbele.

Hoja hiyo ilikuwa na lengo la kichungaji, na lengo hilo linaonekana wazi katika New Testament Eschatology in an African Background (1971). Humo Mbiti alichunguza jinsi Wakamba walivyopokea mafundisho ya misheni kuhusu siku za mwisho. Picha za mbinguni, za moto na za mji mpya zilifundishwa kama habari za nchi ya mbali itakayofikiwa baadaye, na waumini wakazipokea kama zilivyo. Matokeo yake, tumaini liliondolewa katika maisha ya kila siku na kuwekwa mahali pasipofikika. Jibu la Mbiti lilikuwa kwamba ulimwengu wa milele hukutana na wakati katika Kristo mwenyewe, na kwamba sakramenti, yaani Ubatizo na Meza ya Bwana, ndiyo makutano ambapo muumini huonja sasa yale yatakayokamilishwa.

3.0 Ukosoaji

Hoja hii ilipingwa kutoka pande tatu. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Uganda, aliwashutumu wasomi Waafrika, Mbiti akiwamo, kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Kwake, sifa kama umilele zilitoka katika metafizikia ya Ugiriki na si katika vinywa vya wazee. Byang Kato wa Nigeria, katika Theological Pitfalls in Africa (1975), alihofu kwamba eskatolojia ya Mbiti ingedhoofisha fundisho la hukumu na kufungua mlango wa wokovu wa watu wote. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba lugha na fikra za Waakan zina mustakabali ulio wazi, hivyo ushahidi wa lugha mbili hauwezi kusemea bara zima.

Kiswahili chenyewe kinaunga mkono tahadhari ya Gyekye. Neno zamani, lenye asili ya Kiarabu, halimaanishi tu yaliyopita. Katika usemi kama zamani hizi, hutaja kipindi ambacho msemaji yumo ndani yake. Watu wa pwani wamezoea pia kusema kesho ahera, wakitumia neno la siku inayofuata kutaja maisha baada ya kifo. Lugha hiyohiyo ina methali isemayo leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Basi maneno aliyoyaazima Mbiti ni mapana kuliko nadharia aliyoyabebesha. Hata hivyo, ukosoaji huu haukufuta swali lake la msingi: je, wokovu uliowekwa wote mbele una nguvu gani leo?

4.0 Njeo tatu za wokovu

Agano Jipya husema juu ya wokovu kwa njeo tatu. Waefeso 2:8 hutumia hali timilifu, 1 Wakorintho 1:18 hutumia wakati uliopo, na Warumi 5:9 hutumia wakati ujao. Kiswahili hubeba tofauti hizo kwa urahisi. Aliokoka hutaja tukio lililokwisha. Ameokoka hutaja tukio ambalo hali yake ingali ipo. Vilevile, kauli ya kutendwa katika okolewa humwacha Mtendaji aonekane, ilhali okoka hutaja hali ya aliyepokea na inaweza kumsahaulisha msikilizaji kwamba yupo aliyeokoa.

Tofauti hii iligusa maisha ya Kanisa nchini Uganda. Balokole, yaani waliookoka, walisisitiza kwamba mtu aliyebatizwa bado anapaswa kuijua siku ya toba yake. Mvutano kati ya wanauamsho na viongozi wa Kanisa ulifikia kilele mwaka 1941, wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, walipofukuzwa katika Chuo cha Teolojia cha Askofu Tucker, Mukono.

Maisha ya Janani Luwum yanaonyesha jinsi tarehe ya wokovu inavyoweza kueleweka vyema. Aliitaja tarehe 6 Januari 1948 kuwa siku ya kuokoka kwake. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu, na Februari 1977 akauawa Kampala chini ya utawala wa Idi Amin. Siku ile ya 1948 ilikuwa mlango wa safari ya miaka 29 ya utii. Tarehe ilihusu mwanzo wa uaminifu wake. Haikudai kuujua mwisho wa dunia.

5.0 Umilele na kalenda

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alieleza katika kitabu cha 11 cha Maungamo kwamba wakati uliumbwa pamoja na ulimwengu. Kwa hiyo kuuliza Mungu alifanya nini kabla ya kuumba ni kuuliza juu ya wakati ambao haukuwapo. Boethius, katika karne ya 6, aliueleza umilele kuwa kuwa na uhai usio na mwisho wote kwa pamoja. Kinyume chake, Oscar Cullmann, katika Christus und die Zeit (1946), aliuona umilele wa Biblia kuwa wakati usio na kikomo, ambao kitovu chake kimekwisha kufika katika Kristo ingawa mwisho haujafika.

Waandishi hawa hawakubaliani juu ya asili ya umilele. Lakini kwa wote, tendo la kuokoa limekwisha kuingia katika historia, wala muumini hahitaji kuivizia tarehe ili alifikie. Mungu wa milele yu karibu na kila siku kwa kadiri ileile. Hayuko karibu zaidi na Desemba 31.

6.0 Maana yake kwa sera

Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu lilitangaza kwamba mwisho ungefika mwaka 1999 ulipokwisha. Waumini waliuza mali na kuikabidhi kwa viongozi. Tarehe ilipita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kanisani Kanungu, na miili mingine ikafukuliwa kwenye makazi ya kundi hilo, ikiwamo nyumba ya Buziga, Kampala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Kwa mujibu wa mashtaka, waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Mjadala wa sera hupenda kuelekea usajili wa makanisa na elimu ya wachungaji. Kanungu inaonyesha upungufu wa njia hiyo: kundi lilikuwa limesajiliwa, na mmoja wa viongozi wake alikuwa padri mwenye shahada ya uzamili kutoka Marekani. Kigezo bora ni matendo yanayodaiwa kwa jina la tarehe. Kutumaini kurudi kwa Kristo ni imani halali ya mamilioni. Kumwagiza muumini auze shamba, amwondoe mtoto shuleni, aache dawa au asile kwa sababu wakati umekwisha, ni dalili ambayo mamlaka za mitaa, walimu na wahudumu wa afya wanaweza kuitambua na kuitolea taarifa mapema. Dalili hiyo huonekana bila serikali kupima usahihi wa fundisho lolote.

Kazi ya kupima fundisho ni ya makanisa yenyewe. Vyuo vya teolojia vinapaswa kufundisha njeo zote tatu za wokovu pamoja, kwa kuwa mhubiri anayejua njeo moja tu ama hulifungia tumaini mbali, kama Mbiti alivyoona kwa Wakamba, ama hulikimbiza kwa tarehe.

7.0 Hitimisho

Nadharia ya Sasa na Zamani imepungukiwa ushahidi, lakini onyo lake limethibitika. Tangu mwaka 2015 Uganda humkumbuka Luwum kila tarehe 16 Februari kwa mapumziko ya kitaifa, kama inavyowakumbuka mashahidi wa Namugongo tarehe 3 Juni. Mashahidi hawa hawakuambiwa lini dunia ingekwisha. Walitakiwa kuwa waaminifu siku waliyokuwa nayo. Kati ya kumbukumbu hizo na kaburi la Kanungu, tofauti haimo katika wingi wa imani. Imo katika jinsi umilele ulivyoeleweka: kwa wengine ulikuwa uwepo unaoipa siku ya leo uzito wake, na kwa wengine tarehe iliyoifanya siku ya leo isiwe na thamani.