Ankoro: mgeni anaujua mto, lakini karte ya kazi ni shida kupata

Kule Ankoro, pale Luvua inapoingia ndani ya Lualaba, barabara kubwa ni mto. Mahindi, mihogo, samaki wa kukauka na abiria wanashuka kwa mitumbwi na baleniere kuelekea Kabalo, ao wanapanda Luvua hadi Kiambi.

Mkaaji mwenye kutoka Zambia ao Burundi anaweza kujua kila fungu la mchanga la mto huu. Lakini ili aajiriwe kama nahodha, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai awe na karte ya kazi ya wageni. Tena si yeye anayeiomba. Ni tajiri wake, mbele ya tume ya kitaifa iliyoko Kinshasa. Mwenye baleniere moja ya mbao atapata wapi nguvu ya kufuata faili hiyo?

Akiamua kujitegemea, anunue samaki na kuwauza bandarini, anakutana na sheria ya tarehe 5 Januari 1973: biashara ndogondogo ni ya Wakongomani peke yao.

Ajabu ni kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885 ulifungua mto Kongo na matawi yake kwa meli za biashara za mataifa yote.  

Kulinda kazi ya vijana wa Ankoro kuna maana. Ila mgeni aliyekosa karte anaweza kuendelea kuendesha chini ya jina la mwingine, na siku mtumbwi ukizama, abiria hawatajua wamshtaki nani.