Utafiti Uwe na Sisi Ndani

Hapa Kirumba Mwaloni mtafiti mara nyingi huja, huuliza, huandika, akaenda zake. Zanzibar walijaribu njia nyingine. Mwaka 2006 Dakta Flower Msuya, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisaidia kuanzisha umoja wa mwani wa watafiti, wafanyabiashara, serikali na wakulima, wengi wao akina mama. Mwani mkavu bei yake duni. Ukisagwa ukatiwa kwenye sabuni, thamani hupanda. Ujuzi huo ukabaki kwa mkulima.

Fedha zikitoka upande mmoja, upande huo ndio huchagua swali. Dagaa wetu huharibika masika kwa kukosa jua. Swali hilo tulichangie wenyewe, ndipo jibu litakuwa letu.