Simbilisi wa mjini: Banda kwanza, mnyama baadaye

JIKONI ndiko simbilisi wengi wanakoanzia maisha. Jozi moja huletwa nyumbani ndani ya boksi la sabuni, boksi hulowa mkojo na kutoboka, kisha wanyama huachiwa wazunguke kati ya mafiga na gunia la mkaa. Huokota maganda na majani, hulala chini ya kabati, na kwa wiki kadhaa kila mtu nyumbani huamini kwamba ufugaji huu hauna gharama.

Baadaye vitoto huanza kupungua. Kimoja hukanyagwa, kingine huchukuliwa na paka, na mama yao huanza kukohoa kwa moshi. Mwenye nyumba husema mnyama huyu hana bahati. Ukweli ni kwamba hakupewa nyumba.

Katika kata ya Rusimbi, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, jambo hili lina uzito wake. Nyumba zimekaribiana na viwanja ni vidogo. Ng'ombe hana pa kusimama, na mbuzi akifunguliwa huishia kwenye mchicha wa jirani. Simbilisi anafaa mahali kama hapo kwa sababu ni mdogo, hula majani, hachimbi ukuta wala hapandi. Wengine humfuga kwa ajili ya kitoweo, wengine kwa kuuza, wengine kwa ajili ya mbolea, na zipo nyumba ambazo kamwe hazitamtia chunguni bali humweka kwa ajili ya watoto. Wote hao wanahitaji banda lile lile.

Tabia ndiyo ramani ya banda

Kosa la kawaida ni kuona tundu zuri dukani, kulinunua, kisha kutafuta mnyama wa kulijaza. Anayejua kazi huanza na tabia ya mnyama.

Mfano mzuri ni hamsta, mnyama mdogo anayependwa sana na watoto wa Ulaya na Marekani. Wengi wa hamsta wanaofugwa majumbani wametokana na kizazi kilichokamatwa karibu na mji wa Aleppo, Syria, mwaka 1930. Kwa asili ni mchimbaji na mweka akiba, na hukaa peke yake. Wakubwa wawili wakiwekwa pamoja hupigana hata kuuana. Kwa hiyo nyumba yake ni ya mmoja, yenye matandiko mengi ya kuchimba, na isiyo ya mbao laini, kwa sababu huitafuna usiku.

Simbilisi ni kinyume chake. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wa Peru, Bolivia na Ecuador wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Huishi kwa kundi, hutembea chini, na akishtuka hukimbilia pa kujificha. Kwake banda refu la ghorofa halina maana. Anachohitaji ni eneo pana la chini, wenzake, na kona yenye giza.

Ng'ambo ya ziwa

Katika Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, simbilisi anajulikana zaidi kwa jina la Kifaransa la cobaye. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliziacha familia nyingi bila ng'ombe wala mbuzi, kwa kuwa mifugo mikubwa iliporwa. Simbilisi alibaki. Hufichika kirahisi na hubebeka ndani ya kikapu. Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki (CIAT) waliofanya kazi huko walikuta familia nyingi zikiwaachia wanyama hao wazurure jikoni. Nchini Tanzania, simbilisi hufugwa pia katika nyanda za juu kusini, hususan Iringa na Njombe.

Ufugaji wa jikoni una faida ya joto na wa gharama ndogo. Kasoro yake ni kwamba mfugaji hajui nani kazaa na nani kapotea, wala dume gani kapanda jike gani. Ndugu huzaana wao kwa wao, na kadiri vizazi vinavyopita wanyama huwa wadogo na dhaifu.

Hesabu ya hasara

Jike hubeba mimba kwa siku 68 hivi. Kwa kawaida huzaa vitoto viwili hadi vinne, navyo huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, na baada ya siku chache huanza kuonja majani.

Chukulia kaya yenye majike matano. Kila moja akizaa mara nne kwa mwaka, vitoto vitatu kila mara, jumla ni vitoto 60. Vikifa nusu kwa kukanyagwa, baridi ya mkojo na meno ya paka, vinabaki 30. Vitoto 30 vilivyopotea ndiyo bei ya kukosa banda, na mara nyingi ni kubwa kuliko gharama ya mabanzi, misumari na wavu.

Kipimo

Wafugaji wa Andes hutumia kizimba cha mita 1.5 kwa mita 1, chenye kuta za sentimita 45, kwa dume moja na majike kati ya saba na kumi. Kwa anayeanza na dume moja na majike manne au matano, mita 1 kwa mita 1 inatosha.

Ukuta wa sentimita 45 humzuia simbilisi asitoke, lakini haumzuii adui asiingie. Paka, kicheche, nyoka na panya wote huvuka. Kwa sababu hiyo kizimba kiwe ndani ya kibanda chenye mlango unaofungika, au kiwekewe mfuniko wa wavu wenye matundu ya nusu inchi. Waya wa kawaida wa kuku una matundu makubwa, na nyoka mwembamba hupita bila shida.

Panya anastahili kuogopwa kuliko wote. Mbali na kula vitoto na chakula, kinyesi chake huleta vimelea vya salmonela, ugonjwa unaoweza kumaliza kundi zima. Pumba na nafaka zisilale bandani usiku.

Joto, hewa na mvua

Simbilisi hustarehe kwenye nyuzijoto 18 hadi 24. Joto likipita 30 huanza kuhema, na majike wenye mimba ndio hufa kwanza. Boksi la bati lililowekwa juani kando ya Ziwa Tanganyika ni tanuri. Paa la bati liinuliwe juu na kufunikwa kwa nyasi au majani ya mchikichi, na banda liwe chini ya kivuli.

Upande mrefu wa banda uelekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja. Nusu ya chini ya ukuta izibwe ili upepo usiwapige wanyama, na nusu ya juu iwe ya wavu ili harufu itoke. Kipimo rahisi ni pua: mfugaji ainame hadi usawa wa sakafu. Macho yakimwasha, yanawawasha na wanyama, nao wanavuta hewa hiyo usiku kucha.

Msimu wa mvua huleta tatizo jingine. Banda lililo bondeni hujaa maji, na simbilisi mwenye manyoya mabichi hupata kichomi haraka. Sakafu iinuliwe na mtaro uchimbwe kandokando.

Sakafu

Sakafu ya wavu hupitisha kinyesi na kurahisisha usafi, lakini huchubua nyayo, na vitoto huvunjika miguu kwenye matundu. Sakafu ngumu ya saruji au udongo ulioshindiliwa ni salama zaidi, mradi ifunikwe kwa nyasi kavu, maranda ya mbao au pumba za mpunga. Vumbi laini la msumeno halifai kwa kuwa huingia puani.

Matandiko yabadilishwe angalau mara moja kwa wiki, na mara mbili wakati wa mvua. Yanayotolewa yasitupwe. Yakiozeshwa huwa mbolea nzuri ya mchicha, migomba na michikichi michanga.

Ndani ya kizimba kuwe na vibanda vidogo vya kujificha. Chungu kilichovunjika mdomo au kipande cha bomba pana vinatosha. Majani yafungwe ukutani au yawekwe kwenye kihori, kwa sababu yakikanyagwa na kukojolewa hayaliwi tena. Majani mabichi ni ya lazima kila siku: kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na akikosa hudhoofika, huvimba viungo na kufa.

Chumba cha pili

Wengi hujenga kizimba kimoja na kusahau kingine. Vitoto vya kiume vitengwe vikifika wiki tatu, kwani majike wadogo wanaweza kushika mimba kabla ya miezi miwili, na mimba ya umri huo huwaua. Jike aanze kupandwa akiwa na miezi mitatu hivi. Asicheleweshwe kupita miezi sita bila kuzaa, kwa sababu mifupa ya nyonga hukaza na uzazi wa kwanza huwa wa hatari.

Sungura naye apewe banda lake. Teke lake linaweza kumvunja simbilisi, na anaweza kubeba vimelea vya mafua bila yeye mwenyewe kuumwa.

Kinga

Usafi wa banda una uzito wa pekee kwa mnyama huyu kwa kuwa tiba yake ni ngumu. Dawa za jamii ya penisilini, ikiwamo amoksilini inayopatikana kirahisi madukani, huvuruga utumbo wake na zinaweza kumuua. Mfugaji asimpe dawa ya mtoto wala ya kuku. Amwone afisa mifugo wa kata, na kabla ya kujenga aulize pia taratibu za manispaa kuhusu kufuga mjini.

Anayetaka kuanza Rusimbi hahitaji fedha nyingi. Mabanzi, udongo, nyasi na wavu kidogo vinatosha kwa vizimba viwili. Ajenge, aweke matandiko, alale usiku mmoja wa mvua akisikiliza kama paa linavuja. Likiwa kavu asubuhi, basi aende kununua simbilisi.