Ukitaka kupunguza muda wako wa marathoni, anza polepole

IKIWA umewahi kukimbia marathoni ukafika mwisho, hongera. Kumaliza kilomita 42.195 kwa miguu si mchezo. Lakini baada ya wiki chache, maumivu yakiisha, wakimbiaji wengi huanza kujiuliza: Je, naweza kupunguza muda wangu?

Unaweza, hata kama umepita umri wa miaka 40 na unashinda kazini kutwa. Lakini wengi huharibu mambo kwa kosa moja, nalo ni kuanza kwa kasi kupita kiasi, katika mazoezi na pia siku ya mashindano. Matokeo yake ni magoti yaliyovimba, muda mbaya kuliko wa kwanza, au kulazwa hospitalini.

Mabingwa hufanyaje?

Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2018, alitumia saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Nusu ya kwanza alikimbia kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 6. Nusu ya pili ilikuwa ya kasi zaidi: saa 1 na sekunde 33. Marehemu Kelvin Kiptum alifanya vivyo hivyo mjini Chicago mnamo Oktoba 2023, alipoweka rekodi ya saa 2 na sekunde 35. Nusu ya kwanza ilimchukua saa 1 na sekunde 48, na ya pili dakika 59 na sekunde 47.

Kuna sababu ya kimwili. Mwili hutumia sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Kadiri unavyokimbia kwa kasi, ndivyo sukari hiyo inavyokwisha haraka. Kwa wengi huisha karibu na kilomita ya 30. Hapo mwili hulazimika kutegemea mafuta, ambayo hutoa nguvu polepole. Miguu huwa mizito kama mawe, na aliyekuwa akiwapita wenzake huanza kutembea.

Piga hesabu

Tuseme ulimaliza kwa saa 4 na dakika 20, na sasa unataka saa 4 na dakika 10. Mara ya kwanza ulitumia takriban dakika 6 na sekunde 10 kwa kila kilomita. Sasa unahitaji dakika 5 na sekunde 55. Tofauti ni sekunde 15 tu.

Ukisisimka na umati ukakimbia kilomita 10 za kwanza kwa dakika 5 na nusu kila moja, utakuwa umeokoa dakika 4 hivi. Lakini ukiishiwa nguvu na kuchukua dakika 8 kwa kila moja ya kilomita 10 za mwisho, utapoteza zaidi ya dakika 20. Ukianza kwa dakika 6 kila kilomita, utakuwa umechelewa kwa chini ya dakika moja tu baada ya kilomita 10, deni ambalo utalilipa bila taabu.

Mazoezi ya mkazi wa Murera

Wewe unayeishi Murera, au kwingineko kati ya Ruiru na Thika, huna haja ya kuhamia Iten ili ujiandae. Sehemu hizi ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara za udongo hazigongi magoti kama lami. Mvua ikinyesha, hata hivyo, udongo mweusi hunata kwenye viatu na kuteleza. Siku hizo tafuta barabara ya kokoto au punguza mwendo.

Jitengee wiki 16 hivi. Kimbia siku nne kwa wiki na upumzike siku zilizosalia. Siku mbili zikimbie kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Siku moja ongeza kasi kwa muda mfupi mfupi. Mwishoni mwa wiki kimbia masafa marefu, ukiongeza kidogo kidogo mpaka ufikie kilomita 30. Usiongeze jumla yako kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kila wiki: ikiwa wiki hii ulikimbia kilomita 30, ijayo usipite 33. Wiki tatu za mwisho punguza mazoezi. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika.

Ukikimbia alfajiri kabla ya kazi, vaa nguo nyeupe au inayong'aa, na ukae upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari na bodaboda yanayokujia. Viatu vya mtumba havina ubaya, mradi soli haijalika upande mmoja. Usivae viatu vipya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Chakula na damu

Ugali, viazi vitamu, wali, uji na githeri hutosha kumpa mkimbiaji nguvu. Usisahau vyakula vyenye madini ya chuma, kama maini, maharagwe, terere na managu. Anayekosa madini hayo huishiwa damu na kuchoka upesi, na wanawake wamo hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi. Ikiwezekana, usinywe chai pamoja na mlo, kwani huzuia mwili kufyonza chuma. Ingoje kwa saa moja.

Asubuhi ya mashindano epuka githeri, maana maharagwe yanaweza kukusumbua tumbo njiani. Chai na mkate, kama saa tatu kabla ya kuanza, vinafaa. Katika mbio zenyewe mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya kiasi ina gramu 25 hivi. Fanya majaribio hayo katika mazoezi ili tumbo lizoee.

Maji nayo yana kipimo

Wengi huonywa kuhusu kukosa maji, lakini ni wachache wanaojua kwamba kunywa kupita kiasi kunaweza kuua. Maji mengi huzimua chumvi iliyo katika damu na ubongo huvimba. Katika mbio za Boston mwaka 2002, mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 wa mbio hizo waligundua kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi. Walioathirika zaidi ni wale waliokunywa mpaka wakaongeza uzito njiani, na waliotumia zaidi ya saa nne. Kunywa unapohisi kiu. Si lazima usimame kwenye kila meza ya maji.

Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni ili uweze kukimbia. Figo ambazo tayari zinataabika kwa joto na upungufu wa maji huweza kudhurika.

Wakati wa kuacha

Muone daktari kabla ya kuanza mazoezi ikiwa umepita miaka 40, ikiwa una shinikizo la damu au kisukari, au ikiwa katika jamaa yenu kuna aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. Usikimbie ukiwa na homa. Na ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa njiani, simama uombe msaada. Mashindano mengine yatakuja.

Mwisho, linganisha muda wako kwa haki. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia hadi wakati huo. Haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston huteremka sana. Vilevile, usihuzunike ikiwa muda wako wa njia ya vilima au ya jua kali ni mbaya kuliko ule wa njia tambarare na hewa baridi. Chagua njia inayofanana na ile ya kwanza, ujipime nayo.

Siku ikifika, waache wenye pupa watangulie. Utakutana nao baada ya kilomita ya 30.