Nyasi ndefu si kichaka, bora ujue unapanda ipi

Mwambie mzazi wako unataka kupanda nyasi ndefu nje ya nyumba uone. Atakuuliza kama umeanza kufuga nyoka. Sisi tumelelewa na panga mkononi: nyasi ikipita goti, inafyekwa. Lakini wewe unayeishi ploti ambayo jirani akifungua mlango anaona hadi sufuria yako jikoni, hebu tuongee.

Ukuta wa mawe ni chapaa, na ua wa kayaba utakuweka miaka kabla haujakuficha. Nyasi haina subira hiyo.

Anza na mchaichai. Ndiyo, ule ule wa chai. Nunua sokoni mashina ambayo hayajakatwa kitako, yatumbukize kwenye glasi ya maji, na baada ya wiki mbili tatu utaona mizizi. Yapande nje mvua ikianza, umbali wa sentimita 60 hivi. Utapita mita moja, kimo tosha cha kukuficha ukiwa umeketi barazani. Majani yake hukata ngozi, kwa hivyo usiupande wanapopita watoto.

Wanaotaka urembo hupenda ile nyasi ya zambarau yenye masuke kama mkia wa paka. Ni Pennisetum, binamu wa mabingobingo anayolishia ng'ombe shosho. Ya zambarau ni mpole, mbegu zake ni kama hakuna. Ndugu yake wa kijani ndiye mkora: mbegu hupeperushwa na upepo, na kule Hawaii imevamia ardhi na kuchochea moto wa nyikani. Hapa ni kwao, lakini usimletee jirani mwenye shamba balaa.

Kama mtaa wenu una ule udongo mweusi unaonata viatuni, inua tuta kwanza, maana zote mbili zikisimama kwenye maji zinaoza. Pale maji yanapotuama, weka mafunjo. Kwenye mteremko, vetiva. Mizizi yake hushuka hata mita tatu na kushika udongo.

Na nyoka? Nyoka hufuata panya, na panya hupenda takataka na majani makavu. Toa makavu, na usipande ukigusa ukuta wa nyumba.

Mwezi Machi, kabla ya mvua ya masika, kata fungu libaki urefu wa shubiri moja, ling'oe, ligawanye kwa jembe. Mengine rudisha shimoni, mengine tia kwenye mikebe uuzie hao majirani waliokuwa wakicheka.