Laini tatu kwa jina langu, moja tu ndiyo yangu

Ukiwa na laini ya Safaricom, bonyeza *106# kabla hujaendelea kusoma. Utaletewa namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Yangu ilileta tatu. Moja ni hii ninayotumia. Nyingine ilipotea na simu ndani ya matatu ya Sondu, Mungu ndiye anajua iko wapi. Ya tatu ni ya rafiki yangu wa Kiptere, na hiyo ndiyo imenifanya niandike haya.

Simtaji jina, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini. Tumekua pamoja. Kikipsigis chake kimenyooka kuliko changu mimi niliyeharibiwa na Nairobi. Anachuna chai kwenye mashamba ya wakulima wadogo, na jioni akilipwa, pesa zinaingia kwenye laini yenye jina langu. Akikopa kidogo kwa simu na achelewe kulipa, anayejulikana CRB ni mimi. Hatujawahi kukosana kwa hilo, lakini nimewahi kuamka usiku nikipiga hesabu.

Hana kitambulisho. Hajapoteza, wala si mzembe wa kupanga foleni. Amekataliwa. Ana miaka kama yangu, ishirini na kitu, na kwa serikali hayupo. Leseni ya boda hawezi kupata. Akaunti ya benki hapana. Mimi niliacha chuo kwa sababu karo ilinishinda, na nimelalamika sana juu ya hilo, unaweza kuuliza wenzangu. Yeye hata mkopo wa HELB hakuweza kuomba, maana fomu inataka namba ya kitambulisho. Mimi nilitoka kwa mlango. Yeye hakuwahi kuuona.

Babu yake alitoka Rwanda. Labda hukujua, na hata mimi nilikuwa mkubwa ndipo nikajua, kwamba kuna familia nyingi hapa Kericho ambazo wazee wao waliletwa kutoka huko wakati wa ukoloni kuchuna chai. Kampuni kubwa za Waingereza zilianza kufungua mashamba haya miaka ya 1920 na zilihitaji mikono mingi. Wengine walitoka Nyanza, wengine Kisii, na wengine walitolewa mbali kabisa, Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Walipewa nyumba kambini, wakapimiwa kazi, wakazaa. Walizeeka hapa, na wengi wamezikwa hapa.

Sasa hapa kuna kitu kinanichoma. Unajua kwa nini kitambulisho tunakiita kipande? Wakati wa mkoloni, mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake, imewekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ukitoroka kazi, walikusaka kwa hicho. Wazee walikichukia. Kwa hiyo kizazi cha babu kilisumbuliwa kwa kubebeshwa kipande, na mjukuu anasumbuliwa kwa kunyimwa.

Ilikuwaje? Si uchawi, ni hesabu ya sheria. Katiba ya uhuru ilisema kwamba uliyezaliwa Kenya unakuwa raia moja kwa moja mwaka 1963 ikiwa angalau mzazi wako mmoja pia alizaliwa Kenya. Babu alizaliwa Rwanda. Nyanya pia. Mtoto wao alizaliwa kambini kabla ya uhuru, wazazi wote wawili wakiwa wazaliwa wa nje, kwa hiyo hakuingia. Waliozaliwa baada ya uhuru walihitaji mzazi aliye raia, na baba hakuwa raia. Mama wa rafiki yangu ana historia hiyo hiyo. Ukifuata huo mnyororo unafika kwa kijana anayechuna chai Kiptere mwaka huu, ambaye Rwanda hajawahi kuikanyaga na Rwanda haimjui.

Ndipo tunafika kwa watu ninaotaka uwajue. Tunaposema wakili, wengi tunaona suti, gari kubwa, na bili inayokufanya ujute kuzaliwa. Kuna wengine. Wanaitwa wasaidizi wa kisheria, na wengi wao si mawakili kamwe. Wamepitia mafunzo ya kujua sheria ya uraia, ya wakimbizi, ya kukamatwa na dhamana, na kazi yao ni kutembea na mtu kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka karatasi zipatikane. Nyuma yao kuna mashirika yenye mawakili wa kwenda kortini. Kituo Cha Sheria kimekuwepo tangu 1973. Refugee Consortium of Kenya ilianza 1998, na yenyewe inashughulika na wakimbizi na watu waliofurushwa makwao.

Huyu anayemsaidia rafiki yangu ni mama wa makamo anayeishi Kericho mjini. Nilimfikiria mtu wa kuongea sana. Kumbe ni mtu wa kuuliza maswali madogo madogo. Ulibatizwa wapi? Kadi ya kliniki iko? Shule ya msingi, mwalimu wa darasa la kwanza bado yu hai? Babu amezikwa wapi, na nani alikuwepo mazishini? Kuna karatasi yoyote ya mshahara kutoka shambani, hata iliyoliwa na panya? Kila jibu linaingia kwenye faili. Kwake kila karatasi chakavu ni ushahidi kwamba watu hawa wameishi hapa bila kukatiza.

Na hilo ndilo sheria inauliza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, pamoja na watoto wao. Mojawapo ya masharti ni uwe unajua Kiswahili au lugha ya mahali. (Hapo rafiki yangu angenishinda mimi raia.) Lakini mlango ulikuwa na saa. Ulipewa miaka 5, ukaongezwa 3, na muda ukapita kabla watu wengi mashambani hawajasikia kwamba kulikuwa na mlango.

Waliosikia walisikia kwa sababu kuna mtu aliwafuata hadi kwao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, walifunga safari Oktoba 2016 hadi Nairobi kumwona rais, wakiwa pamoja na watetezi wa haki za binadamu waliokuwa wameshughulikia kesi yao kwa miaka. Kabla mwaka kuisha walikuwa wameanza kupokea vitambulisho. Tulizoea kusema makabila 42. Wao wakawa la 43. Kisha Jamhuri Dei ya 2020 ikatangazwa kwamba Washona 1,670, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kuhubiri injili, na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, watapewa uraia.

Hiyo 1,300 ilisherehekewa, na ilistahili. Lakini orodha ni orodha. Familia ya rafiki yangu haikuwemo. Babu alikuwa ameshaaga, baba alikuwa ameondoka kambini kutafuta vibarua, na hakuna aliyewaambia kuna majina yanaandikwa. Yule mama anasema kazi yake kubwa si kubishana na serikali, ni kutafuta waliorukwa.

Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuweka Instagram. Ni asubuhi nzima kwa chifu. Ni kusubiri cheti cha kuzaliwa cha mtu mwenye ndevu. Ni kamati ya wazee inayokupiga msasa, na mzee mmoja akikumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba na marehemu baba yako, faili inalala. Nimeona kwa macho yangu, nilimsindikiza mara moja. Tulienda tukarudi na tarehe nyingine. Yule mama aliandika tarehe kwenye daftari, akatuuliza kama tumekula.

Kuna upande mwingine wa kazi yao ambao utaufahamu kama umewahi kusafiri kwa basi usiku. Mabasi mengi ya kutoka Busia kwenda Nairobi hupita Kisumu, yakapanda milima ya Kericho na kushuka Nakuru. Ndani yake wakati mwingine kuna mtu aliyetoroka vita Kongo, au mtu aliyetoroka nchi yake kwa sababu nyingine, bila karatasi. Akishushwa kwenye kizuizi cha polisi, shtaka ni kuwa nchini kinyume cha sheria, na adhabu yake inaweza kufika faini ya Sh500,000 au miaka 3 jela, au vyote. Mtu huyo pengine hajui Kiswahili chetu. Akiulizwa kama ni kweli yupo Kenya bila kibali anatikisa kichwa, ndiyo, kwa sababu ni kweli. Amekiri kosa na kesi imeisha kabla ya chai ya saa nne.

Hapo ndipo msaidizi wa kisheria akiwepo kortini maisha ya mtu yanageuka. Atasema, huyu si mhalifu, huyu ni mwomba hifadhi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mtu anayeingia hadi siku 30 kujitokeza kwa afisa wa wakimbizi, na inakataza kumrudisha mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na apewe mkalimani bila malipo kama haelewi lugha. Vitu hivi vimeandikwa. Lakini nani atavisema kama mwenye kesi hajui vipo?

Wakati mwingine wanaenda mbali zaidi na kuishtaki serikali yenyewe. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote walioko mijini wapelekwe kambini Dadaab na Kakuma. Fikiria mtu ana duka Eastleigh, mtoto yuko darasa la saba, anaambiwa afunge virago. Kituo Cha Sheria na wakimbizi kadhaa walienda Mahakama Kuu, na Julai 26, 2013, Jaji David Majanja akatupilia mbali agizo hilo. Mwaka uliofuata kulikuwa na msako wa Usalama Watch, watu wakafungiwa uwanjani Kasarani, kwa hiyo usidhani hukumu moja inamaliza mambo. Februari 2017 Jaji John Mativo naye akazuia kufungwa kwa Dadaab, katika kesi iliyopelekwa na Kituo pamoja na Tume ya Haki za Binadamu. Kesi zote mbili zililetwa kwa niaba ya watu ambao hawawezi kumpigia kura mtu yeyote. Mimi hilo linanipa heshima kwao kuliko hotuba yoyote.

Swali utakaloniuliza ni lile la mtaani: kwani wanalipwa na nani? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya kusaidia wasio na uwezo, na imetaja waziwazi kwamba mkimbizi, mtu asiye na uraia na aliyesafirishwa kimagendo wanastahili kama Mkenya. Pesa za serikali hazitoshi, kwa hiyo mashirika yanategemea wafadhili, na mfadhili akikohoa, ofisi inafungwa. Nyingi za ofisi hizo ziko Nairobi, Mombasa na karibu na kambi za wakimbizi. Huku kwenye chai unategemea mtu kama yule mama, na nauli yake mara nyingine inatoka mfukoni mwake. Mafunzo anayo. Mshahara wa maana hana. Sioni sababu nchi iringe na sheria nzuri halafu anayeibeba hadi kijijini anapanda boda kwa deni.

Na pengo hilo mabroka wameliona. Kabla ya kumpata huyu mama, mimi na rafiki yangu tulimlipa jamaa mmoja nje ya ofisi fulani. Alikuwa na koti, faili na mdomo. Alituambia anajua watu ndani. Tulimpa Sh4,000, nyingi zikiwa za chai aliyochuna rafiki yangu kwa wiki kadhaa, na nyingine zangu za bando. Simu yake ikazimwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nakuambia wewe mwenye jirani mwenye shida kama hii: anayetoa msaada wa kisheria hakuombi kitu kidogo cha kusukuma faili. Akikuomba, ondoka. Na usimshauri jirani yako anunue kitambulisho cha mtu aliyekufa au adanganye jina la baba. Yule mama alituambia hilo likigunduliwa, faili ya kweli nayo inakufa.

Kuhusu laini yangu ya tatu, nilimuuliza kama nifanye kitu. Aliguna. Alisema ana vijana wengi ambao simu zao ziko kwa majina ya marafiki, wachumba, hata mwalimu mkuu mmoja, na wachumba ndio wabaya zaidi wakiachana.

Kwa sasa faili ina kadi ya ubatizo, barua ya shule na karatasi moja ya malipo ya shambani yenye jina la babu, herufi moja imekosewa. Kilichobaki ni hati ya kiapo ya mtu mzima asiye wa ukoo aliyekuwepo rafiki yangu alipozaliwa. Huyo ni mama yangu. Walikuwa majirani, na yeye ndiye aliyechemsha maji usiku ule. Jumatatu tunapanda matatu ya kwanza kwenda Kericho. Ameshapiga pasi nguo yake ya kanisani, na tangu jana ananiuliza kama kiapo kinasemwa kwa Kiswahili au anaweza kukisema kwa Kikipsigis.

Nimemwambia nitauliza.