Mwani Unapohamia Maji Marefu

Bamvua likifika, ufukwe wa Paje na Jambiani hujaa kina mama kama soko. Maji yakishakupwa, wanashuka na viroba vya mbegu za mwani kichwani, wanakaa kitako majini na kufunga kitawi kimoja kimoja kwenye kamba iliyokazwa baina ya vijiti viwili. Baada ya wiki sita wanavuna na kuanika. Kilo saba au nane mbichi zikikauka hubaki moja, na hiyo moja ndiyo inayopanda mizani ya mnunuzi.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wakulima wanane kati ya kumi hivi ni wanawake. Fedha yake imesomesha watoto na kuezeka nyumba bati, na ni fedha ambayo mama hamwombi mtu. Hilo si dogo hata kidogo.

Shida ni bei. Mkulima aliyepewa na kampuni kamba na tai-tai, yaani vikamba vya kufungia mbegu, hana budi kuiuzia kampuni hiyohiyo. Tena anachovuna sana ni spinosamu, aina ya bei ya chini. Aina nyingine, kotonii, ambayo ute wake wa kugandishia vyakula na dawa ya meno hutafutwa zaidi, hulipa vizuri, lakini maji ya kina kifupi yamepata joto na inaoza kabla ya kukomaa.

Kwenye maji marefu, yaliyo baridi, kotonii bado inastawi. Mtafiti Flower Msuya amejaribu na wakulima nyavu za mirija za kuotesha huko. Ila huko hakufikiki kwa miguu, na wengi wa kina mama hawa hawana chombo wala hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo mkopo wa kikundi cha mwani usiishie kununua kamba zaidi. Ununue ngalawa, umlipe na mwalimu wa kuogelea.

Wengine wamepita njia ya nchi kavu: wanausaga mwani, wanauchanganya na mafuta ya nazi na karafuu, wanatengeneza sabuni. Kipande kimoja kwa mtalii huzidi bei ya kilo nzima ya mwani mkavu. Lakini masika wageni hupungua, na mwani nao haukauki. Mwenye chanja na turubai huokoa mavuno yake. Aliyeanika mchangani huyakuta yamenyeshewa na kugeuka meupe, na mnunuzi hayataki.